Kazi Mbili za Mwalimu

Mtu akishuka Mnazi Mmoja, katikati ya mji wa Dar es Salaam, akaufuata Mtaa wa Lumumba, huona upande mmoja majumba ya zamani ya mjini, na upande wa pili mitaa ya Kariakoo iliyonyooka kama mistari ya daftari. Jina la Kariakoo lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi wa mizigo wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ambao walipigishwa kambi mahali pale. Vita vimekwisha zamani, lakini wachukuzi hawajaondoka. Hata leo, kabla ya jua kuchomoza, wapo mitaani na matoroli yao, na magunia mabegani, na sauti zao zikiomba njia.

Katika mtaa huohuo wa Lumumba, mwezi wa Oktoba mwaka 1961, kilifunguliwa chuo kikuu cha kwanza cha nchi yetu. Kilianza ndani ya jengo la chama cha TANU, nacho kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiotimia 20. Mwaka 1964 kilihamia kilimani, nje ya mji, mahali ambapo watu wote sasa wapaita Mlimani. Basi chuo kile kikubwa kilizaliwa karibu na soko, kikisikia kelele za wachuuzi. Na jambo hili twaliona kuwa na maana, kama tutakavyoeleza.

Twataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyepata kuwa miongoni mwa wakuu wa chuo hicho, naye akawa vilevile mtunzi wa michezo ya kuigiza, na mwandishi wa vitabu juu ya nyimbo, ngoma na maigizo. Lakini kwanza hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe, maana pasipo kosa hilo habari zake zisingalitugusa.

Sisi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mitaa hiyo ya Kariakoo. Miaka michache iliyopita tulipewa kazi ya mwalimu wa taaluma. Wale wasiojua cheo hiki, wafahamu kwamba mwalimu wa taaluma ndiye apangaye ratiba ya vipindi, ahesabuye alama za mitihani, na aulizwaye kwanza matokeo yanapokuwa mabaya. Kazi yenyewe ni nzito, lakini jina lake ni tamu. Tulilipokea kwa furaha, tukanunua kalamu nyekundu mpya, tukawa tukiichomeka nyuma ya sikio kama fundi seremala.

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuifuta saa ya nyimbo na maigizo. Ilikuwa siku ya Ijumaa, kipindi cha mwisho. Tuliona watoto wakipiga makofi na kucheka, tukasema moyoni, “Mtihani wa darasa la saba hauulizi makofi.” Basi saa ile tukaigawa, nusu tukaipa Hisabati, nusu tukaipa Kiingereza. Mwalimu mmoja mwanamke, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyekuwa akiifundisha. Alitutazama, akasema, “Haya, mwanangu, wewe ndiwe mwenye ratiba.” Hakusema zaidi.

Katika darasa la sita alikuwamo msichana mmoja aliyechelewa karibu kila siku. Shule huanza saa moja na nusu. Yeye alifika saa mbili, pengine saa mbili na robo, macho yakiwa mekundu, sare yake ikinuka moshi. Tulimwuliza sababu, akanyamaza. Tulimpa adhabu ya kufagia uwanja, akafagia akanyamaza. Tulimpigisha magoti mbele ya darasa, akapiga magoti vilevile kimya. Tukaandika katika daftari letu kwamba mtoto huyu ni mkaidi. Neno hilo tuliliandika kwa ile kalamu nyekundu.

Ikafika siku ya wazazi. Yule mwalimu mzee akatujia ofisini akatuomba jambo moja, kwamba watoto wa darasa la sita waruhusiwe kutunga mchezo wao wenyewe, wauonyeshe mbele ya wazee wao. Tulitaka kukataa. Lakini kwa kuwa alikuwa mkubwa kwetu kwa umri, tuliona haya, tukakubali kwa sharti kwamba mazoezi yafanyike baada ya masomo.

Siku ile wazazi waliketi uwanjani chini ya mwarobaini. Mchezo ukaanza. Watoto walionyesha soko la Kariakoo wakati wa alfajiri: huyu akisukuma toroli, huyu akiita wateja, huyu akilala juu ya magunia. Akatokea bibi kizee, akaweka jiko lake la mkaa, akauza uji na vitumbua kwa wachukuzi. Kando yake alikuwa mjukuu, anapepea moto, anaosha vikombe, anarudisha chenji, anabeba maji, kisha anakimbia shuleni. Huko shuleni akamkuta mwalimu. Mvulana aliyekuwa mwalimu alisimama mlangoni kifua mbele, na nyuma ya sikio lake amechomeka kalamu. Neno lake la kwanza lilikuwa, “Saa ngapi sasa?” Neno lake la pili lilikuwa, “Chukua fagio!” Neno la tatu halikuwapo.

Wazazi wakacheka sana. Nasi tulicheka. Kisha tukaigusa kalamu iliyokuwa nyuma ya sikio letu, kicheko kikatukauka.

Ndipo yule mjukuu akaimba. Wasomaji wetu wamekwisha kujua ni nani. Alikuwa ndiye yule msichana mnyamavu. Aliimba kwa sauti ndogo isiyotetemeka, na wenzake wakamwitikia. Aliimba kwamba alfajiri yake ina kazi nyingi kuliko mchana wa watu wengine. Kwamba bibi yake macho hayaoni vema, hawezi kutofautisha noti ya elfu moja na ya elfu mbili. Na kwamba anaipenda shule, lakini shule haijapata kumwuliza. Maneno aliyoshindwa kutupa mbele ya dawati letu kwa miezi mitatu, aliyatoa kwa wimbo mbele ya watu mia mbili.

Usiku ule hatukulala vizuri. Kesho yake jioni tukaenda nyumbani kwao, chumba kimoja katika nyumba ya wapangaji wengi. Tukamwamkia yule bibi, “Shikamoo, bibi.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mwalimu?” Tukasema ndiyo. Tukaomba radhi, naye akatupa kikombe cha uji. Tulishauriana, na jirani mmoja mwanamke akakubali kumsaidia bibi kuhesabu fedha kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Hatuwezi kusema kwamba mambo yote yalinyooka, maana wiki ile mtoto alichelewa tena mara mbili. Lakini tulipomwuliza sababu alitueleza, nasi tuliisikiliza. Lile neno “mkaidi” tulilikata katika daftari letu, na saa ya Ijumaa ikarudi mahali pake katika ratiba.

Baada ya siku chache tulikuta kitabu chembamba juu ya meza yetu. Kilikuwa mchezo wa kuigiza uitwao *Nguzo Mama*. Yule mwalimu mzee ndiye aliyekiweka. Akatuambia, “Mwanangu, wewe wadhani uongozi na wimbo ni maadui. Soma kitabu hiki, kisha uulize mtunzi wake alikuwa na kazi gani.” Tukasoma, tukauliza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Mtunzi wake ni Penina Muhando, ambaye kwa jina la ndoa huitwa Profesa Penina Mlama. Alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, katika nchi ya Wakaguru, mkoa wa Morogoro. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akabaki huko akifundisha sanaa za maonyesho. Alianza kutoa michezo yake kwa Kiswahili akiwa bado kijana: *Hatia* ilichapishwa mwaka 1972, *Heshima Yangu* mwaka 1974, *Pambo* mwaka 1975, *Nguzo Mama* mwaka 1982, na *Lina Ubani* mwaka 1984. Watu wengi wa elimu yake wangeliandika kwa Kiingereza, wapate kusomwa ng'ambo. Yeye aliandika kwa lugha ambayo muuza uji aweza kuisikia.

Katika *Nguzo Mama* wanawake wa kijiji kiitwacho Patata wapewa kazi ya kuisimamisha nguzo kubwa. Kila mmoja ana nguvu, lakini kila mmoja ana shida yake imvutayo kando, na nguzo yagoma kusimama. Tulipofika mwisho tukamkumbuka yule bibi na mjukuu wake. Sisi tulikuwa tumesimama kando ya nguzo, kalamu sikioni, tukiwauliza kwa nini hawainui upesi.

Katika mwaka 1983 alipata shahada ya udaktari. Maandiko aliyoyaandika kwa ajili ya shahada hiyo yalihusu sanaa za jadi za Wakaguru, jinsi zinavyofundisha watu. Fikirini jambo hili, wasomaji. Mtu aondoka kijijini kwenda chuo kikuu, na akiisha kufika juu kabisa, arudi kuandika kwamba huko kijijini kulikuwa na chuo tangu zamani, chuo cha nyimbo na hadithi na ngoma, ambacho watoto walifunzwa kwacho na wazee wakaonywa kwacho. Wengi wetu tuliosoma huona haya kwa ngoma za nyumbani. Yeye alizichunguza kama mganga achunguzavyo majani, kujua lipi laponya na lipi halifai.

Tena hakuishia katika maandiko. Katika miaka ya 1982 na 1983, yeye pamoja na wenzake, miongoni mwao Amandina Lihamba, walikwenda Malya, katika nchi ya Wasukuma, wakakaa na wanakijiji. Hawakwenda na mchezo uliotungwa tayari mjini. Waliwauliza wenyeji wenyewe shida zao, na wenyeji wakazionyesha kwa ngoma zao na nyimbo zao, kisha wakakaa kujadiliana juu ya yale waliyoyaona. Habari za kazi kama hizo alizikusanya katika kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa huko Uppsala, nchi ya Sweden, mwaka 1991.

Mtu huyuhuyu ndiye aliyepanda hata akawa Ofisa Mkuu wa Taaluma wa Chuo Kikuu chote. Tuliposoma hayo tuliinamisha kichwa, maana jina la cheo chake lafanana na la kwetu, kama mlima ufananavyo na kichuguu. Sisi, kwa ratiba ya shule moja, tuliona hatuna nafasi ya wimbo. Yeye alipewa usimamizi wa mafunzo ya chuo kikuu kizima, wala hakuiacha sanaa.

Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa chuo hicho, yeye na Lihamba wakiwa mbele, walianzisha katika shule za sekondari mpango ulioitwa Tuseme. Jina lake laonyesha kazi yake. Wasichana hukutana, hutaja mambo yanayowazuia kusoma, huyatafutia chanzo, kisha huyatungia mchezo na nyimbo na kuyaonyesha mbele ya walimu na wazee. Msichana akisimama peke yake mbele ya meza ya mkuu huona hofu. Akisimama katika mchezo, na wenzake wakimwitikia, hofu humtoka. Baadaye Profesa Mlama akawa Mkurugenzi Mtendaji wa FAWE, chama cha wanawake waelimishaji wa Afrika kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho makao yake ni Nairobi. Chama hicho kikaupeleka mpango wa Tuseme katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Yule mwalimu wetu mzee alikuwa amejifunza njia hiyo zamani, na kwa njia hiyo watoto wetu walitunga mchezo wao. Sisi tulikuwa hatujui.

Labda mtu mmoja atauliza, “Je, haya ni mambo ya hapa kwetu tu?” Sivyo. Huko Ulaya upo mchezo waitao opera, ambao maneno yake huimbwa karibu yote toka mwanzo hata mwisho, na wapiga vinanda na zeze wengi huwafuata waimbaji. Ulianza Italia kwenye mwisho wa karne ya 16. Moja katika zile za kwanza ambazo watu huonyesha hata leo ni ya Claudio Monteverdi, iliyoonyeshwa mjini Mantua mwaka 1607. Hadithi yake ni ya mwimbaji aliyefiwa na mkewe, akamfuata hata kuzimu. Na alipoimba, malkia wa kuzimu akamhurumia, akamwombea kwa mumewe mfalme. Hukohuko ng'ambo wapo wakuu wa vyuo waliosimamia fedha na walimu na majengo mchana, na usiku wakaandika juu ya opera, wala watu hawakuwashangaa. Walifahamu kwamba msimamizi wa elimu akiacha kusikiliza wimbo, masikio yake yatabaki na kengele tu.

Nasi Waafrika hatuna haja ya kuiazima sana habari hii. Nani kati yenu hakuketi jioni miguuni pa bibi akisikiliza hadithi, na hadithi ilipofika mahali penye uchungu bibi akaacha kusema akaimba, nanyi mkaitikia? Nani hakuona kwaya ya Pasaka ikiimba mateso, na watu wazima wakafuta machozi ambao walisikia habari hiyohiyo ikisomwa kila mwaka wakasinzia? Jambo liimbwalo huingia kwa mlango mwingine. Profesa Mlama hakuuvumbua mlango huo. Aliukuta kwa wazee wake, akauonyesha kwa watu wa vyuo, na alipopewa cheo hakuufunga.

Pengine mwalimu mwenzetu wa kijijini atatujibu, “Wewe uko mjini. Mimi nina watoto mia katika chumba kimoja na vitabu kumi. Nitapata wapi saa ya nyimbo?” Twamheshimu, maana shida yake twaijua. Wala hatutadai kwamba saa ile ya Ijumaa imeongeza alama za mtihani wetu. Hatuwezi kupima jambo hilo, na aliyezoea kuhesabu alama hapaswi kusema asilolipima. Twasema hivi tu: kuna mtoto mmoja ambaye tulidhani twamjua kwa sababu jina lake limo katika daftari letu. Kama asingaliimba, angaliendelea kufagia uwanja mpaka siku ya kuacha shule, nasi tungaliendelea kumwita mkaidi, na katika taarifa yetu pasingalionekana kosa lolote.

Wazee husema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi twaongeza kwamba mwenye cheo hana budi kuinama zaidi, kwa kuwa kitanda chake kiko juu zaidi. Msomi aliyefikia usimamizi wa taaluma ya chuo kikuu aliinama hata akakaa chini pamoja na watu wa Malya akisikiliza ngoma zao. Mwalimu wa shule ya Kariakoo alishindwa kuinama hata kwenye dawati la mtoto mmoja, mpaka mtoto mwenyewe alipomfundisha.

Yule mwalimu mzee amekwisha kustaafu, amerudi kwao kulima. Kipindi chake cha Ijumaa ametuachia sisi. Sauti yetu si nzuri, na watoto hutucheka tukikosea mwitikio. Lakini twaimba nao. Kalamu nyekundu tungali nayo, ila siku hizi twaiweka mfukoni. Nanyi walimu wenzetu, na ninyi wazazi mnaosoma ukurasa huu mkiwa na watoto karibu, kabla hamjamwuliza mtoto aliyechelewa ni saa ngapi, mwulizeni kwanza alikotoka.